Shajara ya mradi: kapu la akiba la mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi, Kigoma

Ninaiandika shajara hii kwa ajili ya akina mama wa kikoba chetu, na kwa yeyote ambaye kipato chake hukatika ghafla kama changu. Nilianza nikitaka kuchagua ETF, yaani mifuko ya uwekezaji inayouzwa kwenye soko la hisa kama hisa yenyewe. Nimejikuta najifunza mengi kabla ya kufika huko. Ninaongeza kipande kila hatua inapokamilika. Pesa zote nimezitaja, hata zilizopotea, maana ndizo zitakazomsaidia anayefuata njia hii.

18 Agosti 2024. Ziwa limefunguliwa

Alhamisi tarehe 15 ziwa limefunguliwa baada ya miezi mitatu. Tangu tarehe 15 Mei hakuna kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, kilichoingia majini. Nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kuwapa samaki nafasi ya kuzaana, na mimi ninaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Nimeuza dagaa kwa miaka 16 na nimeona wavu unavyorudi mwepesi mwaka hadi mwaka.

Ila mimi sikujiandaa. Mtaji wangu wa kununulia dagaa ulikuwa 2,300,000. Kufikia Julai tulikuwa tumeula wote: chakula, ada ya kidato cha tatu, kodi ya banda. Nikakopa 800,000 kikoba. Na hata sasa ziwa likiwa wazi mzigo haujafika, kwa sababu limefunguliwa mwezi ukiwa karibu kuwa mpevu. Anayeijua kazi hii anaelewa: wavuvi wa taa hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa. Kwa hiyo tunasubiri tena.

Nimeuza kiwanja changu cha Gungu kwa 7,000,000. Iliniuma, kwa kuwa nilikinunua kidogo kidogo kwa miaka minne. Lakini kiwanja hakikunipa hata kilo ya unga tangu Mei hadi Agosti. Nimelipa deni la kikoba, zimebaki 6,200,000. Mradi unaanzia hapo.

9 Septemba 2024. Kapu la kwanza

Mtoto wa dada yangu, aliyeko Canada, amenishauri kwa simu: "Mama mkubwa, kabla hujachagua mfuko wowote, niambie pesa hii utaihitaji lini." Nikakaa na daftari jioni mbili. Nyumba yangu inatumia 600,000 kwa mwezi tukijibana. Miezi mitatu ni 1,800,000. Hiyo haipaswi kugusa kitu chochote kinachopanda na kushuka.

Nimeiweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji. Hauna ada ya kuingia wala ya kutoka, na ukiomba pesa zako zinarudi ndani ya siku tatu za kazi. Usajili nilimaliza kwa kitambulisho cha NIDA na simu, bila kusafiri.

Zimebaki 4,400,000.

Jambo moja nimeligundua nikiandika daftari, na limebadilisha mpango wote. Biashara yangu tayari ni hisa. Ni hisa ya kampuni moja, iliyoko sehemu moja, inayotegemea ziwa moja. Mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kubeba hisa nyingi kwenye kapu lake la akiba, kwa kuwa mshahara wake unafanana na riba. Mimi siwezi kuiga mgawanyo wake. Kapu langu lazima liegemee upande wa utulivu, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye upande wa hatari. Nimeandika lengo: asilimia 40 ukwasi, yaani pesa inayopatikana haraka, 35 hatifungani, yaani mkopo unaoipa serikali nayo ikakulipa riba, na 25 hisa kupitia ETF.

12 Oktoba 2024. Kuzisoma ETF

Mwezi mzima nimesoma usiku, kijana wangu akinisaidia Kiingereza. Ninaeleza hapa nilivyoelewa.

Mfuko wa kawaida wa vipande, yaani sehemu sawa za mfuko, kama Umoja wa UTT AMIS uliopo tangu 2005, unanunua na kuuza kwa mwenye mfuko. Bei ni thamani halisi ya kipande ya siku hiyo, basi. ETF ni tofauti: mfuko umeorodheshwa sokoni, na wewe unanunua kwa mtu mwingine kupitia dalali. Kwa hiyo kuna bei mbili, thamani halisi ya vilivyomo ndani na bei ambayo watu wanauziana. Kwenye masoko makubwa bei hizo hukaa karibu karibu, kwa sababu taasisi kubwa zinaweza kupeleka hisa kwa mwenye mfuko zikapewa vipande vipya, au kurudisha vipande zikapewa hisa. Bei ikipanda kupita thamani, wao hutengeneza vipande na kuviuza mpaka pengo lizibe. Mstari huo niliusoma mara moja nikaupita. (Nimeongeza baadaye: mwaka mmoja mbele ulinigharimu, kama mtakavyoona.)

Nyingi hazina meneja anayebahatisha. Zinafuata kiashiria cha soko tu, yaani orodha ya kampuni inayopima soko linavyokwenda. Ya kwanza Marekani ilianza Januari 1993, ikifuata kampuni 500 za S&P. Afrika Kusini walipata yao ya kwanza mwaka 2000, Satrix 40. Ada ndiyo iliyonivutia. Mfuko wa Vanguard, kampuni ya Marekani, unaobeba hisa zaidi ya 9,000 za dunia nzima ulikuwa ukitoza asilimia 0.07 kwa mwaka 2024. Mfuko wa iShares uliosajiliwa Ireland na kufuata kiashiria cha MSCI World unatoza asilimia 0.20. Kwa shilingi milioni 10, hiyo ya pili ni elfu 20 kwa mwaka mzima.

Nilifungua orodha ya MSCI World na nikashtuka kidogo. Jina ni dunia, lakini ndani ni nchi 23 tajiri, Marekani pekee ikiwa karibu asilimia 70. China haimo, India haimo, Afrika haimo. Jina la mfuko lisikutoshe, fungua orodha ya vilivyomo.

Nikaamua: nianze na hisa za dunia, hata kama kwa kuanzia zitazidi ile asilimia 25. Nimenunua dola 1,000 benki kwa 2,745 kila moja. Ilinichukua wiki mbili kuzipata, dola zilikuwa adimu. Gharama 2,745,000. Zimebaki 1,655,000.

6 Novemba 2024. Kosa la kwanza, nimekwama

Nilikwenda benki nikiwa na dola zangu na jina la dalali wa nje. Ofisa wa dawati la fedha za kigeni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mama, dhamana hizo ziko nchi gani?" Nikasema Ireland. Akanieleza kwamba mkazi wa Tanzania anayetaka kununua dhamana za nje, yaani hisa, hatifungani na mifuko kama hiyo, milango iliyofunguliwa ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Nje ya hapo anahitaji kibali cha Benki Kuu.

Sikuwa na kibali, na kwa dola 1,000 sikuona sababu ya kuanza safari hiyo. Wapo wanaoniambia watu hupitisha tu kwa kadi na hakuna anayeuliza. Mimi sitaki akiba ya watoto wangu ikae mahali ambapo siku moja nitalazimika kuificha. Nimeacha.

Kosa langu ni mpangilio. Nilinunua dola kwanza, nikauliza sheria baadaye. Swali hilo lingenichukua dakika kumi dirishani mwezi Agosti.

Ninaacha hapa nilichojifunza kuhusu kodi, kwa faida ya ndugu watakaopata kibali. Mfuko uliosajiliwa Marekani, ukimilikiwa na mtu wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, na sisi hatuna, hukatwa asilimia 30 ya kila gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa. Mfuko wa Ireland unaobeba hisa hizohizo za Marekani hukatwa 15 huko ndani. Zito zaidi ni la mirathi. Mgeni asiyeishi Marekani akifa akiwa na mali ya Marekani, pamoja na ETF zilizosajiliwa kule, zaidi ya dola 60,000, kinachozidi hapo kinaweza kutozwa kodi inayofika asilimia 40. Mfuko wa Ireland hauingii kwenye kodi hiyo ya Marekani. Kwa hiyo nchi uliposajiliwa mfuko ni jambo la kutazama mapema, sawa na ada. Mimi nilitazama ada peke yake.

18 Desemba 2024. Dola zimeshuka

Shilingi imepata nguvu ghafla. Dola iliyokuwa juu ya 2,700 mwezi Oktoba sasa iko chini ya 2,450. Nikiuza leo napoteza karibu laki tatu, na sijanunua hata kipande kimoja cha mfuko. Nimelala vibaya siku kadhaa.

Nilikuwa nimejiambia kwamba dola ni usalama. Kumbe kwa mtu anayenunua unga kwa shilingi, analipa ada kwa shilingi na kuuza dagaa kwa shilingi, dola ni kitu kingine kinachopanda na kushuka. Ina nafasi yake, lakini si kwenye kapu la utulivu, na si kwa kubadilisha zote siku moja. Kama ningezigawa mara nne, bei yangu ya wastani ingekuwa nafuu.

Sijaziuza. Sina haja nazo sasa, kwa hiyo sina sababu ya kuuza kwa hofu.

8 Februari 2025. Hatifungani, na hesabu iliyonipita

Giza la Januari lilikuwa zuri. Mzigo ulitoka wa kutosha, nikauza soko la Mwanga hapa Kigoma na mwingine ukapanda treni hadi Tabora. Nimeweka akiba 1,000,000, jumla mkononi 2,655,000.

Hatifungani za serikali zinaanzia shilingi 1,000,000 na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Watu wengi huuliza kiasi cha riba tu. Mimi niliuliza na mwezi wa kulipwa. Nilitaka inayolipa ndani ya miezi ambayo ziwa lilifungwa mwaka jana, ili kuponi, yaani malipo hayo ya riba, ije wakati mfuko wa nyumba umekauka. Kwenye mnada hatifungani mpya hulipa kila baada ya miezi sita tangu ilipotolewa, kwa hiyo ya Februari ingelipa Agosti na Februari, si Juni. Nikaenda soko la upili, kununua ya mtu aliyekwisha kuwa nayo. Dalali wangu wa Dar es Salaam alinitafutia ya miaka 20, riba 12.10, inayolipa mwanzoni mwa Juni na mwanzoni mwa Desemba.

Kwa kuwa hatifungani mpya zinatoa riba kubwa kuliko hiyo, bei yake imeshuka. Nimeipata kwa 86 kwa kila 100. Thamani ya usoni, yaani kiasi ambacho serikali itarudisha ikiiva, ni 3,000,000, bei 2,580,000. Nikatuma 2,600,000 nikiamini nimebakiza na cha ada.

Dalali akapiga simu: hazitoshi. Jumla ni 2,643,000. Nilihisi nimeingizwa mjini, nikamjibu kwa ukali, na baadaye nikamwomba radhi. Alinielewesha taratibu. Tangu Desemba mpaka siku ya kununua zimepita kama siku 60. Riba ya siku hizo ni mali ya aliyekuwa akiishika. Kwa kuwa Juni serikali italipa kuponi nzima kwangu, lazima mimi nimrudishie muuzaji sehemu yake leo. Ilikuwa 59,700. Ada zote hazikufika elfu nne. Kuponi yangu ya Juni itakuwa 181,500 kamili, na elfu 59 zangu zitarudi ndani yake.

Niliongeza 43,000 siku hiyohiyo na akiba karibu imekwisha. Anayenunua soko la upili aulize maswali mawili: bei ni ngapi, na riba iliyokwisha kujikusanya ni ngapi. Usitume pesa kabla ya kupata jumla ya vyote kwa maandishi.

Jambo la pili la kujua: hii inaiva baada ya miaka mingi. Nikitaka kuiuza kabla, nitapata bei ya siku hiyo, na inaweza kuwa chini ya 86. Nimeikubali kwa sababu ninachohitaji ni kuponi.

16 Machi 2025. Dhahabu ya Nairobi, nimeiacha

Soko la hisa la Nairobi lina ETF ya dhahabu tangu 2017. Na Kenya iko ndani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ile pingamizi ya benki haipo. Nilifikiria sana.

Nimeiacha kwa sababu tatu ndogo ambazo kwa pamoja ni kubwa. Ningefungua akaunti nyingine kwa dalali wa Kenya. Ningebadilisha shilingi ya hapa kwenda ya kule na siku moja kuirudisha, kila mara nikiacha kitu njiani. Na dhahabu haina gawio, unangoja bei tu. Kwa mwenye milioni 200 gharama hizo hazionekani. Kwangu zingekuwa tundu kwenye kapu.

31 Agosti 2025. Kutoka Mwanza

Nimekaa kimya muda mrefu. Katikati ya Mei mama yangu alizidiwa, tukampeleka hospitali ya rufaa Mwanza, na nimeishi naye huko mpaka wiki iliyopita. Sikununua wala kuuza dagaa miezi yote hiyo. Mama yuko nyumbani, anatembea na fimbo, anakula mwenyewe. Namshukuru Mungu.

Kabla ya kuondoka, tarehe 9 Mei, niliziuza zile dola. Dola ilikuwa imepanda tena na benki ilizinunua kwa 2,650. Nimepata 2,650,000. Hasara 95,000 badala ya laki tatu za Desemba. Nimeziweka Ukwasi zingoje.

Halafu ugonjwa. Lile kapu nililoliandaa kwa ajili ya ziwa lilitumika hospitalini. Niliomba 1,450,000 siku ya Alhamisi jioni. Nilikuwa nimeshika kichwani "siku tatu" nikasahau neno "za kazi". Ombi likahesabiwa kuanzia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hazikuhesabiwa, pesa ikaingia Jumatano. Siku sita. Katikati hapo kulikuwa na vipimo vya kulipia, na mdogo wangu aliazima kwa jirani yake, mama mmoja wa Igoma aliyetoa bila hata kuuliza tutarudisha lini. Tumerudisha, na nitamkumbuka.

Marekebisho: kuanzia sasa kiasi cha laki mbili kinakaa kwenye simu, hakifanyi kazi yoyote, hakizai chochote. Ni cha Alhamisi jioni.

Kuponi ya Juni ilikuja, 181,500, nikiwa wodini. Ilimalizia bili ya dawa. Nilipanga tarehe yake kwa ajili ya ziwa, ikanikuta kwenye shida nyingine.

6 Desemba 2025. ETF ya kwanza, na kosa jingine

Mwaka huu soko la hisa la Dar es Salaam limepata ETF zake, za kununua kwa shilingi. Hakuna dola wala kibali, na akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu za hisa zako, nilikuwa nayo tangu 2009 niliponunua hisa kidogo za CRDB ilipoingia sokoni. Nilifurahi kama mtoto. Kile nilichokitafuta Ireland kimenifuata nyumbani.

Safari hii nilianza na orodha ya vilivyomo. Soko letu ni zito kwa benki, bia, saruji na simu. Mfuko unaofuata ukubwa wa kampuni utabeba benki nyingi, na mimi tayari nina CRDB, na kikoba chetu kinaweka pesa benki. Benki zikiyumba, vyote vinayumba pamoja. Kwa hiyo nimechagua mfuko unaovuka mpaka, wenye kampuni kubwa za Afrika Mashariki, ili Nairobi na Kampala ziwemo ndani. Hisa za CRDB ninaziacha zilivyo na nazihesabu nje ya kapu.

Kuanzia Septemba hadi Novemba nimeongeza 800,000 kwenye Ukwasi. Nikatoa 1,200,000 kwa ajili ya ETF, kwa awamu mbili.

Awamu ya kwanza, 600,000. Niliweka oda kwenye simu asubuhi nikiwa kwenye meza za kuanikia, mkono mmoja ukigeuza dagaa. Programu iliuliza: bei ya soko, au bei unayoipanga mwenyewe? Nikabonyeza bei ya soko. Ikakamilika papo hapo.

Jioni nikatazama thamani halisi ya kipande iliyotangazwa na meneja wa mfuko, nikaigawanya. Nilikuwa nimelipa asilimia 5 juu ya thamani. Wauzaji siku hiyo walikuwa wachache, na oda yangu ilipomaliza vipande vya aliyekuwa akiuza kwa bei nafuu, ikapanda kwa anayefuata, na anayefuata. Ongeza ada za dalali, soko na mamlaka zinazozidi kidogo asilimia 2. Nilichonunua kwa 600,000 kilikuwa na thamani ya kama 560,000 siku ileile. Elfu arobaini zimepotea kwa kubonyeza mara moja.

Ndipo nikaurudia ule mstari wa Oktoba 2024. Pengo kati ya bei na thamani huzibwa na taasisi zinazotengeneza vipande pale zinapoona faida. Soko likiwa changa na wauzaji ni watatu wanne, hakuna anayekimbilia kuziba. Kitu kilekile kinachoitwa ETF, chenye maelezo yaleyale kwenye karatasi, hakifanyi kazi sawa New York na Dar es Salaam. Sisemi mfuko ni mbaya. Vilivyomo ndani ni vilevile nilivyovitaka. Njia ya kuingilia ndiyo niliyoikosea.

10 Januari 2026. Awamu ya pili na kapu lilivyo

Awamu ya pili nimeifanya hivi. Kwanza nilitazama thamani halisi ya kipande kwa siku tano mfululizo nikaiandika daftarini. Kisha nikatazama bei ya mnunuzi wa juu na bei ya muuzaji wa chini, pengo likiwa kubwa nikaahirisha. Halafu nikaweka oda ya bei niliyoipanga, sawa na thamani halisi, bila kuongeza shilingi, na nikaiacha.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya nne nikapata theluthi. Nusu yangu ilitaka kupandisha bei ili yaishe. Sikupandisha. Siku ya kumi na moja ya kazi ikakamilika. Kwa 600,000 nimepata vipande vyenye thamani ya 588,000, kilichokatwa ni ada tu. Tofauti na awamu ya kwanza ni 28,000, na kazi yangu ilikuwa kusubiri, jambo ambalo sisi wa mbalamwezi tumelizoea.

Akina mama wameniuliza kama wote wahamie ETF. Jibu langu ni hapana, na hesabu ni hii. Ukikatwa asilimia 2 kuingia na 2 kutoka, umeacha 4 njiani. Ukikaa mwaka mmoja, mfuko lazima ukue asilimia 4 ndipo uwe umerudi ulipoanzia. Ukikaa miaka kumi, hizo 4 zinakuwa chini ya nusu asilimia kwa mwaka, hazisumbui. Kwa pesa ya miaka miwili mitatu, Umoja unachanganya hisa na dhamana za riba, unaingia kwa thamani halisi, na ukitoka unakatwa asilimia 1. Hakuna oda ya kusubiri siku kumi na moja. Mama mwenye elfu hamsini kwa mwezi na mtoto wa kidato cha nne, mimi nitampeleka huko, au Ukwasi, na sitamwambia kitu kuhusu ETF mpaka awe na pesa ya kusahau.

Kapu leo: Ukwasi 2,950,000 pamoja na ukuaji wake. Hatifungani nimeihesabu kwa bei niliyonunulia, 2,580,000. ETF 1,150,000. Jumla 6,680,000, mgawanyo asilimia 44, 39 na 17. Kuponi ya Desemba, 181,500, imekwenda kwenye simu kuwa pesa ya Alhamisi jioni, na elfu 18 na mia tano nimejazia mwenyewe.

Zilizopotea kwa makosa: dola 95,000, bei ya soko 28,000. Jumla 123,000. Kuna pia gharama ya kiwanja cha Gungu, ambacho jirani ananiambia bei yake imepanda. Sijui kuiandika kwenye safu gani, nimeiacha pembeni.

Hisa bado ziko chini ya 25 nilizoziandika. Sizikimbizi. Nitaongeza 300,000 mwezi wa tatu na 300,000 mwezi wa tisa, kwa oda ya bei niliyoipanga, mradi Ukwasi usishuke chini ya 2,400,000. Nimepandisha kiwango hicho kutoka 1,800,000 kwa sababu sasa najua ziwa na hospitali vinaweza kuja mwaka mmoja.

Jumapili ijayo tunakutana kikoba nyumbani kwa mwenyekiti. Nitakuja na daftari, taarifa ya CDS na ile karatasi ya dalali yenye 59,700, mwenye swali aishike mwenyewe aione.